Paka Amezeeka, Anakojoa Ovyo: Je, Bado Tuna Wajibu Kwake?



Leo tuongee jambo ambalo huenda hujawahi kulisikia kwenye mahubiri ya Jumapili, lakini lipo majumbani mwetu. Ni habari ya paka mzee. Simsemi yule mtoto wa paka anayepigwa picha akicheza na kamba halafu anawekwa status. Namsema yule aliyekuwepo nyumbani tangu wewe uko shule ya msingi. Sasa manyoya yamefifia, uti wa mgongo unahesabika, anakojoa kwenye kochi, analia saa nane usiku kama mtoto mchanga, na ukimgusa kiunoni anang'ata. Panya wanapita mbele yake, yeye anawatazama tu.

Akifika hapo, kwenye nyumba nyingi swali huwa moja: "Huyu tunamtoaje?" Na njia inajulikana. Anatiwa kwenye kiroba, anapakiwa kwenye bodaboda, anaenda kufunguliwa sokoni au ng'ambo ya mto. Watu wanasema, "Atajitegemea huko, kuna vichwa vya samaki." Kesho yake kochi linafuliwa, maisha yanaendelea.

Nyumbani kwetu tunaye mmoja wa namna hiyo, jike, ana miaka 14. Kwa hiyo swali hili kwangu si la darasani. Bibi yetu naye tunaishi naye, na yeye pia haoni vizuri na halali usiku. Wote wawili wanahitaji mtu wa kuwaamkia. Ndiyo maana nataka tuulize kwa utulivu: je, mnyama aliyemaliza kazi yake bado anatudai kitu? Na kama anatudai, deni hilo linaishia wapi?

Tunakula kuku, kwa nini tusimtupe paka?

Tuanze na pingamizi lenyewe, maana ni la haki. Kijana mmoja anaweza kusema: "Mimi Jumapili nakula kuku, Pasaka tunachinja mbuzi. Kanisa halijanikataza. Sasa paka ana nini cha ziada?"

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalijibu hili kwenye namba 2415 hadi 2418, na inafaa uzisome mwenyewe, ni fupi tu. Inakubali kwamba mwanadamu anaweza kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, kuwafuga, na kuwatumia kazini. Lakini inasema pia kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, naye anawatunza. Kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza, na sisi tunawiwa kuwatendea kwa wema. Tena inaongeza kwamba kumtesa mnyama au kumuua bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Angalia neno hilo: hadhi ya *mwanadamu*. Anayechafuka hapo ni mimi na wewe.

Sasa linganisha. Kuku amechinjwa haraka, kwa ajili ya chakula cha watu. Paka mzee aliyefunguliwa sokoni hajafa haraka na hajamfaa mtu. Meno hana, macho hayaoni vizuri, hana himaya pale. Paka wengine watamfukuza, mbwa watamrarua, pikipiki itamgonga, au njaa itammaliza taratibu. Kiroba hakikuondoa mateso yake. Kimeyahamisha tu hadi mahali ambapo sisi hatuyaoni. Yaani tumemtesa, halafu tukajiokoa na usumbufu wa kutazama.

Kuna jambo lingine. Paka huyu hakuja porini akatukuta. Wazazi wake na wa wazazi wake waliishi na watu. Tulimfungia ndani akiwa mdogo, tukamzoesha sahani yetu, akasahau kujitafutia. Kama ni sisi tuliomfanya atutegemee, hatuwezi kuamka siku moja na kumwambia ajitegemee. Hata binadamu hatumfanyii hivyo tukiwa na haki.

Maandiko Matakatifu yanajua jambo hili. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinahesabu kumjali mnyama wa nyumbani kuwa alama ya mtu mwadilifu. Torati ilimkataza mkulima kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, maana anayefanya kazi naye ana fungu lake. Kitabu cha Kutoka kinapotaja pumziko la siku ya saba, ng'ombe na punda wanapumzishwa pia, siku ambayo hawazalishi chochote. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anaposafiri na malaika, mbwa wake anawafuata nyuma, na mwandishi hakuona aibu kumtaja. Na nabii Nathani alipotaka kumwamsha Daudi kutoka dhambi yake, alitumia habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja anayekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi akakasirika sana. Hakuna aliyesema, "Ni kondoo tu huyo."

Punda wa Balaamu

Tuje kwenye tabia, maana hapo ndipo uvumilivu wa nyumba unapoisha. "Paka huyu ana kiburi. Anafanya makusudi. Anajua kabisa pa kukojolea."

Fungua Hesabu, sura ya 22. Balaamu yuko safarini juu ya punda wake. Punda anaacha njia. Anapigwa. Anajibana ukutani, anauponda mguu wa bwana wake. Anapigwa. Mwishoni analala chini kabisa. Anapigwa mara ya tatu. Ndipo Mungu anampa punda sauti, naye anauliza kosa lake ni nini, na kama katika miaka yote aliyombeba bwana wake aliwahi kumfanyia hivyo. Balaamu anakiri kwamba hapana. Kisha macho yake yanafumbuliwa, anamwona malaika mwenye upanga aliyekuwa mbele yao muda wote. Punda alikuwa amemwona tangu mwanzo. Kilichoitwa ukaidi kilikuwa ujumbe.

Paka wako hatapewa sauti kama punda yule. Lakini swali lake ni lile lile: miaka yote hii, nimewahi kufanya hivi? Kama hakuwahi na sasa anafanya, kuna kitu anakiona au anakisikia mwilini ambacho wewe hukioni.

Madaktari wa mifugo huanza kumhesabu paka kuwa mzee akifika miaka 10 au 11 hivi. Kuanzia hapo magonjwa fulani huwa ya kawaida, na mengi hujionyesha kwanza kama "tabia mbaya":

- Akinywa maji mengi, akakojoa sana na kukonda, huenda ni figo au kisukari. Anakojoa ovyo kwa sababu mkojo ni mwingi na hauwahi.
- Akila sana lakini anakonda, hatulii, na analia usiku, huenda ni tezi ya shingoni, thairoidi, inayofanya kazi kupita kiasi.
- Akiacha kuruka juu ya kiti na kung'ata akiguswa mgongoni, huenda ni maumivu ya viungo. Na kama beseni lake la mchanga lina kingo ndefu, kuingia humo ni kupanda mlima.
- Akidondosha chakula au kutoa udenda, mtazame meno na fizi.
- Akijigonga kwenye milango na kulia akiwa peke yake gizani, huenda haoni, hasikii, au akili imeanza kupotea kwa uzee, kama inavyotokea kwa watu.
- Paka dume akijikamua bila mkojo kutoka, usisubiri kesho. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kumpiga hakutibu hata kimoja kati ya hivi. Kumsugua pua kwenye mkojo wake kunamfundisha kitu kimoja tu, kukuogopa. Akishakuogopa, atajificha kukojoa, tena chini ya kitanda chako.

Kuna mambo madogo yanayowezekana hata kwenye nyumba ya kawaida. Tafuta beseni lenye kingo fupi, liweke karibu na anapolala, ubadilishe mchanga mara kwa mara. Pale alipokojoa paoshwe vizuri kwa maji na sabuni, harufu iishe, maana harufu humwita tena. Mpe kipande cha blanketi mahali pa joto, pa chini. Maji yawe karibu. Dagaa wachemshwe walainike, bila chumvi wala kitunguu. Mama mjamzito asisafishe beseni hilo, afanye mtu mwingine na anawe mikono. Na tafadhali sana: usimpe Panadol, wala diklofenaki, wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Panadol inaua paka, hata kwa kiasi kidogo. Wengi wamewaua paka wao kwa huruma hiyo hiyo.

Kilio cha usiku na macho mekundu

Sasa naomba tusogee mahali pazito kidogo. Paka akilia usiku, wapo jirani watakaosema si paka huyo, ni mtu. Atatupiwa mawe. Na vijana tuliobatizwa na kupata Kipaimara tunasimama pale, tunacheka kwa woga, halafu tunaunga mkono.

Kwenye nchi yetu tunajua fikra za namna hii zimetufikisha wapi. Kanda ya Ziwa, mabibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na moja ya "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na nini? Na miaka mingi ya kupika jikoni penye moshi, wakiwalisha watoto na wajukuu. Alama ya kazi na uzee ikasomwa kama alama ya uovu.

Sisemi bibi na paka ni sawa. Bibi ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, Kristo amemfia, na uhai wake hauna bei. Paka si hivyo. Nasema kwamba kosa la akili ni lile lile: kiumbe kizee kinaonyesha dalili, nasi badala ya kuuliza "anaumwa nini?" tunauliza "ana nia gani mbaya?" Balaamu naye aliuliza hivyo. Mtu anayejizoeza kuuliza vibaya kwa paka wake anajizoeza kwa moyo ule ule atakaokaa nao karibu na kitanda cha bibi.

Mtakatifu Toma wa Akwino aliliona hili karne ya 13. Alifundisha kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huupeleka kwa watu, na anayejizoeza huruma kwa wanyama huwa tayari zaidi kuwahurumia watu. Kanisa katika siku zetu limekwenda mbele zaidi ya hapo. Papa Fransisko, katika waraka *Laudato si'* wa mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vingine vina thamani yao wenyewe mbele za Mungu, hata visipotufaa kitu. Yeye ndiye pia aliyezoea kutuonya kuhusu utamaduni wa kutupa: kitu kikichakaa, tupa, mtu akizeeka, weka pembeni. Kiroba cha paka kimeshonwa kwa uzi huo huo.

Sikiliza maneno yanayotumika: "amezeeka," "hana faida tena," "anachafua nyumba," "anatunyima usingizi." Kwa paka yanasemwa kwa sauti. Kwa wazee husemwa kwa kunong'ona, jikoni. Watoto wa nyumba wanayasikia yote mawili, na hawajui tunapoweka mpaka.

Lakini pesa je?

Hapa nataka niwe mkweli upande wa pili pia, maana kuna kosa la kupitiliza. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2418, inasema haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Inasema unaweza kuwapenda wanyama, ila usiwape upendo unaowastahili watu peke yao.

Kwa hiyo kama ada ya mdogo wako haijalipwa na dawa za presha za bibi zimeisha, vipimo vya damu vya paka vinasubiri. Hilo si ukatili, ni mpangilio. Na kama wewe ni wa kuamka usiku kumfuta paka lakini bibi akiita unajifanya umelala, tatizo lako si paka. Kuna watu wana picha mia mbili za paka kwenye simu na hawana hata moja ya bibi. Papa Fransisko aliligusa hili tarehe 5 Januari 2022, akizungumzia watu wanaoweka mbwa na paka mahali pa watoto, na wengi walimkasirikia. Lakini swali linabaki: upendo unaotafuta tu kiumbe kisichokujibu wala kukudai sana, umekua kiasi gani?

Hata hivyo, tusiifanye namba 2418 kuwa kichaka cha kujifichia. Mara nyingi pesa tunayosema "ingesaidia maskini" haiendi kwa maskini. Inaenda kwenye bando. Na mengi anayohitaji paka mzee hayana gharama: beseni, mchanga, blanketi kuukuu, maji, na mtu asiyempiga. Maskini anaweza kuvitoa vyote hivi. Maskini wa Nathani alikuwa maskini kweli, na mwanakondoo wake alikula.

Kanisa limetupa mfano mzuri wa kipimo hiki. Katekisimu inawataja watakatifu wawili kwa upole wao kwa wanyama: Fransisko wa Asizi, ambaye wote tunamjua, na Filipo Neri wa Roma, ambaye wengi hatujui habari ya paka wake. Filipo alipohamia kanisa la Vallicella, paka wake alibaki kwenye makao ya zamani, San Girolamo. Akawa anawatuma wafuasi wake kwenda kumlisha. Huyu ndiye padre aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa, mahujaji na vijana wa Roma. Hakuwaacha watu kwa ajili ya paka. Wala hakumsahau paka kwa sababu ana watu. Alimpa kiasi chake, akaendelea na kazi.

Siku ikifika

Kuna siku dawa hazitasaidia. Paka hali, hanywi, hawezi kusimama, analia kwa maumivu. Vijana wengi huuliza: je, daktari wa mifugo akimchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja, ni dhambi?

Kwa mwanadamu Kanisa linakataa kabisa kukatisha uhai ili kumaliza mateso. Uhai wake si mali yetu. Kwa mnyama hali ni nyingine. Tumekabidhiwa, na kumpunguzia mateso yasiyo na tiba, kwa njia ya upole na mkono wa anayejua, ni sehemu ya kumtunza. Si dhambi. Lakini jiulize kwanza: ni yeye aliyefika mwisho, au ni mimi niliyechoka? Je, tumejaribu yaliyo ndani ya uwezo wetu? Na kama jibu ni kwamba yeye amefika mwisho, basi mpigie daktari wa mifugo wa kata yako. Usimpe sumu ya panya, usimzamishe, usimtoe kwenye kiroba. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na Mkristo asingesubiri sheria imwambie.

Kama huwezi kumpata daktari, kaa naye. Mlowanishe midomo, mweke pasipo upepo, watoto wasimsumbue. Akifa, mzike. Usimtupe jalalani mbele ya watoto waliokua naye; wanajifunza hapo mwisho wa kiumbe unavyotendewa.

Tufanye nini wiki hii?

Kama una mnyama mzee nyumbani, mtazame siku moja kama daktari, si kama hakimu. Andika anakunywa kiasi gani, anakula nini, anakojoa wapi. Halafu umwone bwana mifugo na maelezo hayo. Kama hakuna mnyama kwenu, lakini jirani anapanga kiroba, ongea naye kwa heshima kabla ya jioni. Na kabla ya hayo yote, pita chumbani kwa bibi au babu umuulize amelalaje. Akikuambia hakulala, kaa kidogo usikilize ni kwa nini.

Maswali ya kujitafakari:

1. Ni kiumbe gani, au mtu gani, ambaye namwita "mkaidi" bila kuuliza anaumwa wapi?
2. Nikihesabu muda na pesa yangu ya mwezi huu, mpangilio wangu ukoje: watu, wanyama, starehe?
3. Nitataka nihudumiwe vipi siku ambayo sitafaa kitu?

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyetuumba sisi na kuumba kila chenye pumzi, asante kwa viumbe ulivyoviweka majumbani mwetu. Tusamehe tunapopenda vilivyo vichanga na kuvichoka vilivyozeeka. Tufumbue macho kama ulivyomfumbua Balaamu, tuyaone maumivu kabla ya kunyoosha mkono. Tupe mpangilio mwema, tuwapende watu kama watu, na wanyama kwa kiasi chao, bila kumnyima yeyote haki yake. Walinde wazee wetu, hasa wale wanaoogopwa na kusingiziwa. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Filipo Neri, utuombee. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.

Uwe na wiki njema, na Mungu akubariki wewe na wote wanaolala chini ya paa lenu.